Nguzo na Jina: Kumbukumbu ya Waliodhulumiwa Katika Pwani ya Tanga

Kila taifa lina namna yake ya kuwaheshimu wafu wake, na katika namna hiyo mgeni huweza kuisoma tabia ya taifa lenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tunapoikumbuka hatua ile, aghalabu twataja ngoma, nyimbo, mavazi na lugha. Ni haki kuvitaja. Lakini limo jambo jingine ambalo ukoloni ulilivunjia heshima, nalo ni kilio: haki ya watu kumlilia mtu wao, kumtaja kwa jina lake na kumwekea alama isiyofutika upesi. Makala haya yanakusudia kulizungumza jambo hilo kwa kuitazama pwani ya Tanga, toka Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, mpaka Pangani.

Mwaka 1923, huko London, Gavana wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aitwaye F. G. Guggisberg, alizungumza na ofisa wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza juu ya askari Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Rai yake ilikuwa kwamba mwenyeji wa kawaida wa nchi ile asingelielewa jiwe la kaburi wala kulithamini. Mawazo ya namna hiyo hayakuishia Gold Coast. Ndiyo yaliyotawala pia katika Afrika Mashariki, na kwa mawazo hayo maelfu kwa maelfu ya wafu weusi waliachwa porini bila ya alama, ilhali Mzungu aliyekufa katika vita vile vile aliwekewa jiwe lake na jina lake.

Basi swali letu ni hili: Je, ni kweli kwamba Mwafrika wa nchi hizi hakuijua maana ya kumbukumbu? Na ikiwa aliijua, mila zake zatufundisha nini leo, tunapotaka kuwakumbuka wale waliodhulumiwa kwa sababu ya rangi yao na unyonge wao?

Jibu la Tongoni

Jibu la kwanza liko safari fupi tu kusini ya mji wa Tanga, katika njia iendayo Pangani. Pale Tongoni, mahali palipoitwa Mtangata zamani, yamesimama magofu ya msikiti wa kale pamoja na makaburi yapatayo 40. Hapana mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo mengi namna ile. Mji ule ulikuwapo kabla Vasco da Gama hajapita hapa mwishoni mwa karne ya 15. Kwa maneno mengine, wazee wa pwani hii walikuwa wakisimamisha nguzo za chokaa na matumbawe juu ya wafu wao kwa muda wa karne nne au tano kabla ya Gavana Guggisberg kutoa rai yake.

Yafaa vijana wetu waisome nguzo ya Tongoni kama wanavyosoma kitabu. Kwanza, nguzo husimama. Mtu aliyelala chini huwekewa kitu kilichosimama juu, ili apitaye njiani ajue kuwa aliyezikwa pale alikuwa mtu wa haja. Pili, nguzo ilipambwa. Katika kuta za makaburi kadhaa mafundi walichonga visanduku vya mapambo, na wakapachika bakuli na sahani zilizotoka China, vyombo vya thamani ambavyo tajiri aliye hai angeliweza kuvifurahia mezani pake. Tatu, na hili ndilo kubwa, kaburi halikuachwa peke yake. Watu waliendelea kulijia kwa dua, kwa sadaka na kwa tambiko, hata baada ya mji wenyewe kuwa magofu. Jiwe bila ya watu wanaolijia ni jiwe tu.

Maana hii ya tatu haikuwa ya Waislamu wa mjini peke yao. Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wasegeju na Wadigo, kila mmoja kwa namna yake, walijua kutambika, kuita majina ya wazee waliotangulia, na kuwapa wajukuu majina ya babu na bibi zao ili jina lisife. Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, yana sehemu za mizimu ambako watu wamekuwa wakipeleka sadaka zao. Ndugu wa Wadigo katika jamii ya Wamijikenda, hasa Wagiriama wa pwani ya Kenya, walichonga vigango: nguzo ndefu za mti, zenye kichwa na kiwiliwili, zilizochorwa kwa alama za pembetatu, zikasimikwa kwa heshima ya wazee wa chama cha Gohu. Kigango hakikuwa pambo. Kilikuwa ndiye mzee mwenyewe akikaa pamoja na watu wake, na hakikupasa kung'olewa. Ndiyo maana wizi wa vigango, vilivyouzwa kwa wafanya biashara na kuishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani, uliwaumiza watu kama wizi wa maiti. Baadhi yake vimerudishwa Kenya tangu miaka ya 2000, na kurudishwa kwake ni kukiri kwamba kumbukumbu iliyotengwa na watu wake imenyimwa nusu ya uhai wake.

Hata hivyo, yatupasa kusema kweli. Nguzo za Tongoni zilikuwa za wakubwa. Mvuvi, mkulima na mtumwa hawakujengewa nguzo. Kwa hiyo tukitaka kujua jinsi wanyonge walivyokumbukwa, yatubidi tutazame mila nyingine ambazo hazikuhitaji chokaa wala fundi: utenzi, ngoma, utani na jina.

Kikogwe na Vita vya Pangani

Katika karne ya 19 bonde la chini la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa. Wenye mashamba walikuwa Waarabu na Waswahili wenye mali; waliolima, wakakata miwa na kukamua sukari, walikuwa watumwa walioletwa toka bara. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi. Walitoroka, wakajijengea makazi yao huko Kikogwe, karibu na Pangani, na wakajihami dhidi ya mabwana waliotaka kuwarudisha utumwani. Tunalitaja jina la Kikogwe kwa makusudi, na msomaji ataliona tena mbele.

Miaka 15 baadaye dhuluma ilikuja kwa sura nyingine. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba uliowapa Kampuni ya Wadachi madaraka ya utawala na ushuru katika pwani ya Mrima. Mwezi Agosti mwaka ule ule mwakilishi wa Kampuni, Emil von Zelewski, aliingia Pangani kwa kiburi, akawavunjia heshima watu wa mji na dini yao. Watu wakainuka. Abushiri bin Salim akaongoza vita vya Pangani. Bwana Heri bin Juma akapigana Saadani. Na mji wa Tanga ukapigwa mizinga toka baharini. Serikali ya Wadachi ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine toka Msumbiji. Pangani na Tanga zikatwaliwa mwezi Julai 1889. Abushiri akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Ni nani aliyewajengea nguzo waliokufa katika vita vile? Aliyewajengea ni mshairi. Hemedi bin Abdallah bin Said el-Buhriy, mwanachuoni wa pwani yetu, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wakati mambo yale yakiwa bado mabichi katika macho ya watu. Aliutunga kwa mizani ya tenzi zile zilizokuwa zikisimulia vita vya Mtume na masahaba zake. Hapo ndipo penye busara kubwa. Kwa kuwaimba watu wa Mrima katika bahari ile ile waliyoimbwa mashujaa wa dini, mshairi aliwapa heshima ambayo mshindi asingeliweza kuiondoa kwa kamba ya kunyongea. Utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya watu, ukanakiliwa kwa mkono, ukahifadhiwa nyumbani, na katika miaka ya 1950 J. W. T. Allen akaupiga chapa pamoja na tafsiri yake.

Lakini hapa tena yatupasa tuwe waadilifu. Abushiri alipinga dhuluma ya mgeni kwa ushujaa. Naye pia alikuwa mwenye shamba la miwa, na mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa. Tukimsimamishia Abushiri sanamu na tukawasahau wa Kikogwe, tutakuwa tumerudia desturi ya kumjengea mkubwa nguzo na kumwacha mnyonge mchangani. Historia ya taifa huru haina haja ya kuchagua kati ya hao wawili. Inaweza kumsifu Abushiri kwa kumpinga Mdachi, na papo hapo ikawasifu waliomkimbia bwana wao miaka 15 kabla yake. Wote walikataa kutawaliwa na mtu aliyejiona kuwa ana haki juu ya miili yao.

Sanamu za watawala

Watawala nao walijua thamani ya kumbukumbu, ila waliijenga kwa kipimo cha rangi. Wadachi walimsimamishia Wissmann sanamu mjini Dar es Salaam. Wissmann alisimama juu. Chini ya miguu yake aliwekwa askari Mwafrika akimwinulia macho, na bendera ikiwa imefunikwa juu ya simba. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Baada ya vita Waingereza waliichukua sanamu ile, na mwaka 1922 ikapelekwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Ilikaa huko mpaka wanafunzi wa Kijerumani wenyewe walipoiangusha mwaka 1968, wakisema haifai kumheshimu mtu kwa kazi ya namna ile.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Tanga mapema. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakashindwa na kikosi cha Wadachi cha watu wapatao 1,000, ambacho askari wake walio wengi walikuwa Waafrika. Mwezi Januari 1915 vita vikapiganwa tena Jasini. Baada ya hapo vita vilikwenda bara na kusini kwa miaka minne, na mzigo wake ukabebwa, kwa maana halisi ya neno, juu ya vichwa vya Waafrika. Pande zote mbili zilikamata wanaume vijijini na kuwafanya wapagazi. Walibeba risasi, unga na mizinga, walilala mvuani, walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Hesabu rasmi za Waingereza kwa upande wao peke yake zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria waliofuata wameona kwamba idadi ya kweli ilipita hapo kwa mbali. Jina la Kariakoo, mtaa ambao kila Mtanzania anaujua kwa soko lake, limetokana na jeshi lile la wapagazi lililopiga kambi pale. Twaweza kusema kwamba sokoni pale, katikati ya kelele za wauza ndizi na nguo, twawataja kila siku bila ya kujua.

Vita vilipokwisha, makaburi ya Wazungu yalitafutwa, yakajengwa na kuandikwa majina. Makaburi ya Waafrika, askari na wapagazi, kwa sehemu kubwa yaliachwa yarudi porini. Badala yake zikasimamishwa sanamu tatu katika miji ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927, nayo imesimama mpaka leo: askari wa shaba, bunduki mkononi, akielekeza singe bandarini. Ni sanamu nzuri, na hatuna haja ya kuitukana. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Lakini msomaji akiizunguka pande zote hataona jina hata moja la mtu aliyekufa. Kwa watu wanaoamini kwamba mfu huishi maadam jina lake latajwa, jambo hili si dogo. Ni kama kumzika mtu mara ya pili.

Mwezi Aprili 2021 Tume ile ile, ambayo sasa huitwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa ya uchunguzi na kuomba radhi. Taarifa ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba mawazo ya ubaguzi yalikuwa na sehemu katika jambo hilo. Ilichukua karibu miaka 100 baada ya maneno ya Guggisberg kwa ukweli huo kuandikwa na wenyewe.

Watu walioitwa namba

Sasa turudi Kikogwe. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge toka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na ikapandwa katika shamba la Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche ile 62 ukaanza utajiri wa mkonge wa Tanganyika, ambao katika miaka ya mwanzo ya 1960 ulitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Hivyo jina moja la mahali limebeba habari mbili: mahali ambapo watumwa walikataa kazi ya shuruti ndipo palipopandwa mmea ulioleta shuruti mpya.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Lakini mashamba ya mkonge yalihitaji watu, na wenyeji wa pwani walipendelea kulima mashamba yao wenyewe. Basi wafanya kazi wakaletwa toka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wangoni, Wamakonde na wengine. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU, iliyowakusanya watu kwa malori na treni mpaka Tanga. Kila mtu alipewa namba, na watu wakaitwa manamba. Alipewa kipande chenye siku 30 za kutimiza. Siku asiyomaliza kazi yake haikuhesabiwa. Katika mpango ule mshahara, nyumba na hata chakula vilifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shaaban Robert, mtoto wa Machui karibu na Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuitumikia serikali ya kikoloni kama karani kwa miaka mingi, aliionja pilipili ya ubaguzi huo, na katika maandishi yake hakuacha kuupinga kwa hoja na kwa adabu.

Manamba alipokufa mbali na kwao, ni nani aliyemlilia? Hapa mila za Kiafrika zilionyesha nguvu yake. Wa kwanza alikuwa mtani. Utani, ambao wageni waliuona kuwa mzaha tu, ulikuwa mkataba wa mazishi. Mtani alichimba kaburi, alimwosha maiti, aliwatania wafiwa mpaka wakacheka katikati ya machozi, na akadai haki yake. Mashambani makabila ambayo zamani hayakujuana yalifanya utani mpya, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba siku moja atahitaji mtu wa kumzika. Wa pili walikuwa wana-ngoma. Vyama vya beni, vilivyoshamiri katika miji ya pwani na mjini Tanga tangu mapema, kwa majina ya Marini na Arinoti, havikuwa vya kucheza tu. Mwanachama aliyepatwa na msiba alisaidiwa, na aliyekufa alizikwa na wenzake. Mtawala alimwita mtu namba. Mtani na mwana-ngoma walimrudishia jina lake siku ya mwisho.

Wamakonde waliofika Tanganyika toka Msumbiji, wengi wao kwa kazi ya mkonge, walikuja na sanaa yao ya kuchonga. Katika nchi yetu ndipo ulipokomaa mtindo uitwao Ujamaa, ambao Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kuwa mwanzilishi wake: gogo moja la mpingo limejaa watu waliopandana na kushikana, mmoja akimbeba mwingine, toka chini mpaka juu. Watalii huiona kuwa mapambo ya mezani. Sisi twaweza kuiona kuwa nguzo nyingine ya kumbukumbu, ndugu ya nguzo ya Tongoni, ila hii si ya mkubwa mmoja. Ni ya watu wote walioshikilia mzigo pamoja.

Mifano miwili ya nyakati zetu

Mwaka 1998, huko Mkunazini, Unguja, karibu na kanisa kuu lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ilisimamishwa kazi ya mchongaji wa Uswidi, Clara Sörnäs. Watu watano wa saruji wamesimama ndani ya shimo, wakiwa wamefungwa minyororo shingoni. Anayetazama hulazimika kuinamisha kichwa, na kuinama huko, atake asitake, ni heshima. Kila uso una sura yake. Hao si kundi, ni watu.

Huko Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, mwezi Aprili 2018 palifunguliwa mahali pa kuwakumbuka Wamarekani weusi zaidi ya 4,000 waliouawa na makundi ya Wazungu kati ya mwaka 1877 na 1950. Zimening'inizwa nguzo za chuma zaidi ya 800, moja kwa kila wilaya yalipotendeka mauaji, na juu yake yamechongwa majina. Watu wa sehemu hizo pia walichota udongo mahali pa mauaji na kuuhifadhi katika chupa zenye majina. Njiani kuelekea kwenye nguzo hizo imewekwa kazi ya mchongaji wa Ghana, Kwame Akoto-Bamfo, ya watu waliofungwa minyororo. Fundi huyu amejulikana kwa kufinyanga mamia ya vichwa vya watu waliotekwa utumwani, akiifuata desturi ya Waakan ya kuwafinyangia wafu sura zao kwa udongo. Basi nchi ile ile ambayo Gavana Guggisberg aliona watu wake hawajui thamani ya jiwe la kaburi, ndiyo iliyotoa mchongaji wa kuwafundisha wengine namna ya kuomboleza.

Nguzo, jina, udongo, na watu wanaokuja kuzuru: mambo hayo manne yaonekanayo Montgomery si mageni kwetu. Tongoni ina nguzo. Tambiko lina jina. Udongo twaujua tangu Mwalimu Nyerere alipochanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwezi Aprili 1964 kuwa alama ya Muungano. Na kuzuru makaburi ni ada ya kila nyumba ya pwani.

Wajibu wa shule

Kwa walimu na wanafunzi wa shule zetu za sekondari, kazi iliyo mbele haihitaji shaba wala saruji. Yahitaji masikio na daftari. Waliofanya kazi ya umanamba kabla ya Uhuru wamebaki wachache. Watoto na wajukuu wao wapo Muheza, Korogwe, Pangani na Tanga mjini. Mwanafunzi na aulize: jina la babu lilikuwa nani, alitoka wapi, alifanya kazi gani, alizikwa wapi, na mtani wake alikuwa nani. Aandike jina kama wenyewe wanavyolitamka, si kama karani wa shamba alivyoliandika. Penye kaburi la zamani la kambi, wanafunzi wapafyeke, wapapande mti, wapawekee alama.

Twaongeza tahadhari mbili. Kwanza, katika pwani yetu swali la nani alikuwa mtumwa wa nani lina makali. Ukoo usioneshewe kidole. Wa Kikogwe wakumbukwe kwa mahali pao na kwa tendo lao, si kwa kuwatafuta vizazi vyao na kuwaaibisha. Pili, chochote kitakachoandikwa kibaki kwa watu wenyewe, katika shule ya kijiji na nyumbani kwa wafiwa, yasije yakatupata ya vigango.

Ili kuwaonyesha vijana kwamba utenzi bado ni nguzo isiyohitaji chokaa, twawawekea beti hizi tatu tulizozitunga kwa ajili ya makala haya, nao waziendeleze kwa majina watakayoyakusanya:

Wapi nao wapagazi,
waliotokwa machozi,
wasopata waombezi,
jina halikusimama.

Wapi wale wa mkonge,
walioishi kwa tonge,
majina yao tutunge,
yasipotee daima.

Nguzo ipo Mtangata,
kwa chokaa na ukuta,
nasi jina tukipata,
tulitaje kwa heshima.

Shule moja ikikusanya majina 20, na ya jirani 20 mengine, katika miaka michache mkoa wa Tanga utakuwa na orodha ambayo hakuna serikali ya kikoloni iliyoona haja ya kuiandika. Orodha hiyo isomwe kwa sauti siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, jina baada ya jina, na wanafunzi wakiwa wamesimama.